Upana wa Jino

Dukani kwa Bunu, Usita wa Mui,
diski za msumeno zimetundikwa ukutani
kama sinia za harusi zisizokopeshwa:
meno ishirini na manne, arubaini, sitini, themanini.
"Yeo wataka ipi?"
Naishika moja, naigonga kwa ukucha, nategea sikio.
Naishika nyingine. Punda wawili wenye mifuko ya saruji
wapita mlangoni, mimi bado nagonga.
"Mchagua jembe si mkulima, Lali."
Kweli, Bunu. Lakini jembe halili shamba.
Hii yala.

Nyuma ya risiti ya stima nimeandika hesabu:
mfumbati mmoja wa msaji, upana milimita sabini na tano,
wa kitanda cha Bi Tima Famau.
Watoto saba walizaliwa juu yake,
na mwenyewe akafia papo hapo, Alhamisi, baada ya alasiri.
Mfumbati wa pili ulikwisha kuliwa na mchwa.
Mjukuu wake, Aboud, ataka udi wa mbavu kumi na tano.

Kila ubavu milimita tatu.
Jino la milimita tatu likipita kati
lachukua tatu nyingine:
kila nipatapo moja, dalali kachukua moja.
Mbavu kumi na tatu, ubao umekwisha.
Jino la milimita mbili, kumi na tano,
na milimita mbili za akiba,
nafasi ya mkono kutetemeka.

Bunu ateremsha ya themanini, aifuta kwa ncha ya kikoi.
"Hii yakata ubao kama halua."
Yakata, ndiyo, ukikata kwa kukingama.
Ukipasua kwa kufuata uzi wa mti
meno themanini hayana pa kutemea.
Mwaka juzi nilipasua mkangazi kwa ya sitini.
Moshi ulitoka, karakana nzima ikanuka ukoko,
mbavu zikawa nyeusi pande zote mbili,
na mwenye kazi akadhani nimezipaka rangi,
akanisifu.
Sikumwambia.

Meno mengi ni mdomo uliojaa.
Nataka machache, membamba, yenye pengo.
"Ya ishirini na nne? Hiyo ni ya wapasua maboriti!"
Aitafuta chini ya makopo ya rangi,
aitoa ikiwa bado na mafuta ya kiwandani.
Bei yake haifiki nusu ya ile ya halua.
Anihesabia chenji akiwa amesikitika kuliko mimi.

Diski nyembamba hutikisika ukiiharakisha.
Nasukuma polepole, kwa kijiti,
na kila ubavu ukitoka nahesabu vidole vyangu kwanza.
Kwenye ubavu wa tisa stima ikakatika.
Diski ikaendelea peke yake gizani, ikishuka
kutoka mbu hadi nyuki,
kutoka nyuki hadi mtu anayeguna usingizini.
Nikasimama pale mpaka iliponyamaza kabisa.
Sijui kwa nini sikuwasha tochi.

Stima ilirudi baada ya isha.
Wa kumi. Wa kumi na moja. Wa kumi na mbili ulinitisha kidogo.
Ule wa kumi na tano ulikuwa ganda la nje,
nao una mifuo: kamba za kitanda
zilizokazwa na kukazwa tena miaka sitini
zimejilia ubao, mstari kando ya mstari.
Nikachukua randa.
Nikairudisha.
Mti huu ulikwisha kufungwa nyuzi kabla yangu.

Kisha nikafagia.
Milimita ishirini na nane zimeingia debeni, unga wa kahawia,
laini, wenye harufu ya ngozi.
Kidogo nitauchanganya na gundi nizibe nyufa,
lakini hauwezi kurudi wote.
Nimekaa na teko moja kiganjani
nikijiuliza ni usiku wa nani huu
niliousaga.